Picha Niliyoificha Nyuma ya Kabati

Ipo Jumapili moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu, na nikishamaliza kucheka naona aibu kidogo. Nimeona nikusimulie wewe, mwanangu, kwa sababu nimesikia umehamia kwenye nyumba yako huko Vwawa, na watu wa nyumbani wananiambia unahangaika na kuta. Hujui uweke picha gani, hujui uziweke wapi, na misumari inapinda. Mambo ya misumari ni madogo, nitakufundisha. Mambo ya picha nilifundishwa na baba mkwe wangu, na alinifundisha baada ya mimi kumkosea sana.

Wakati huo nilikuwa nauza vitenge sokoni hapa Tunduma. Nilikuwa nimemwoa Faines, binti wa Mzee Nzunda wa Igamba, na ndoa yetu haikuwa imefikisha hata miezi mitatu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili na sebule katika nyumba ya matofali ya kuchoma, ndani imepigwa plasta na kupakwa rangi nyeupe. Mimi nilikulia kwenye nyumba ya udongo, kwa hiyo sebule ile niliiona kama ikulu. Nilikuwa nikirudi jioni nasimama katikati yake bila sababu yoyote, naitazama tu.

Faines alikuja na vitu vya kawaida vya bibi harusi. Masufuria, mashuka, na vitambaa vya makochi alivyovifuma mwenyewe, ingawa makochi yenyewe hatukuwa nayo. Katikati ya mashuka alikuwa amefungia picha. Ilikuwa ya wazazi wake wakiwa shambani. Mpiga picha wa kutembea aliwakuta huko miaka mingi nyuma. Mzee Nzunda amesimama mbele ya mibuni, shati limekosa kifungo, na miguuni ana buti za mvua. Buti ya kushoto imetoboka mbele, ukiangalia vizuri unaona kidole gumba. Mama mkwe yuko kando yake, kitenge kimefungwa kiunoni, kikapu mkononi, wala hakutabasamu. Fremu aliitengeneza kaka yake Faines kwa vipande vya mbao, akaipaka rangi ya bluu iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa.

Siku ya pili tu baada ya kufika, Faines alitafuta msumari akaupigilia kwa jiwe, akaitundika picha ile katikati ya ukuta wa sebule. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Sasa nimefika," akasema.

Sikuipenda, mwanangu. Nakwambia ukweli kwa kuwa nimezeeka na sina sababu ya kujipamba. Wafanyabiashara wenzangu walikuwa na sebule zenye fremu za kung'aa, na kila nilipoingia kwao nilikuwa nawaza lile gumba la baba mkwe linalochungulia nje ya buti. Nilijiambia kwamba mgeni akiingia kwangu, kitu cha kwanza atakachokiona ni umaskini.

Basi ikatangazwa kwamba ibada ya jumuiya Jumapili inayofuata itakuwa kwangu. Hapo nikaona siwezi kungoja zaidi. Jumatano nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Pale kulikuwa na mama mmoja aliyeuza fremu juu ya meza. "Mulishani," akanisalimu kwa Kibemba, na mimi nikaitikia kwa Kibemba changu cha sokoni. Alikuwa na fremu za kila aina, zenye kingo za dhahabu, na kila moja ilikuwa imewekewa picha ya kiwandani. Nikachagua tatu. Ya kwanza ilikuwa na maporomoko ya maji. Ya pili, farasi mweupe. Ya tatu ilikuwa na familia ya Wazungu: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wameketi kwenye majani, wote wanacheka mpaka magego yanaonekana.

Yule mama aliniambia wazi, "Hizi picha ni za kuonyesha tu. Utazitoa uweke zako."

Nikaitikia ndiyo. Lakini zangu zilikuwa wapi? Picha za harusi zilikuwa bado kwa mpiga picha kule Mbeya, na kila nikiuliza naambiwa wiki ijayo.

Jumamosi asubuhi Faines alikwenda sokoni kununua mchele wa wageni. Alipopinda kona tu, nikapanda kwenye kiti. Nikaitoa picha ya wakwe zangu, nikaiweka chumbani, nyuma ya kabati, imeegemea ukuta wa nje. Kisha nikaanza kupigilia. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulibomoa plasta, kikadondoka kipande kikubwa kama sahani. Ikabidi farasi nimshushe chini kidogo ili afunike lile shimo, kwa hiyo farasi akawa amekaa upande wake kama aliyekosana na wenzake. Wale Wazungu niliwaweka katikati, kwenye msumari wa Faines.

Aliporudi aliweka kikapu chini, akatazama ukuta. Mimi nilikuwa nasubiri kusifiwa.

"Hawa ni ndugu zako?" akaniuliza.

"Ni picha tu. Si unaona nyumba ilivyopendeza?"

"Na wazazi wangu?"

"Wako chumbani. Salama kabisa."

Hakugomba. Alichukua kigoda chake akaenda nacho jikoni. Tangu siku hiyo hakukaa tena sebuleni. Alipika, alifua, alinisalimu vizuri, lakini chakula nilikula peke yangu na farasi. Nilijiambia atazoea.

Jumapili jumuiya ikaja. Kiongozi wetu alikuwa Mama Skola, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwanamke mwenye sauti inayosikika hadi barabarani na moyo mkubwa kuliko sauti yenyewe. Hata kabla ya wimbo wa kwanza akawa ameshawaona wale Wazungu.

"Baba, hawa ni akina nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ningesema tu, mama, hawa wametoka na fremu. Lakini watu wote walinigeukia, na niliona jinsi walivyovutiwa, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni wamishonari," nikasema. "Walinifundisha nilipokuwa mdogo."

"Bwana asifiwe! Na majina yao?"

"Bwana Petro na Mama Rozi."

"Na mbwa?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Simba," nikajibu.

Watu wakafurahi sana. Mama Skola akasema haiwezekani tuwaone watumishi wa Mungu ukutani halafu tukae kimya. Akasimama akaomba. Mwanangu, aliomba! Alimwombea Bwana Petro afya, akamwombea Mama Rozi faraja, akawaombea watoto wakue katika njia njema, na safari zao, na chakula chao. Watu wakaitikia amina hadi madirisha yakatetemeka. Mimi nilifumba macho kwa nguvu. Nilipofumbua jicho moja nilimwona Faines amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia. Baadaye sana, tukiwa na watoto watatu, ndipo aliponiambia kwamba alikuwa anacheka, na nusura vikombe vidondoke.

Mvua zikapiga karibu mwezi mzima. Unajua baridi ya Tunduma mvua inapokuwa haikatiki, kuta zinakuwa kama zinatoka jasho. Mimi nilishasahau kabisa kilichoko nyuma ya kabati. Nilijulikana mtaani kote kama kijana aliyelelewa na wamishonari, na kusema kweli nilianza kulipenda jina hilo.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Nzunda. Amekuja bila taarifa, ametoka Igamba na mkungu wa ndizi, maharage, na kahawa aliyoikaanga mama mkwe. Faines alimrukia kama mtoto. Tukamkaribisha, tukampa maji, akaketi.

Macho yake yakaanza kutembea ukutani. Yakaanza kwenye maporomoko, yakafika kwa Wazungu, yakapita kwa farasi, yakarudi tena kwa Wazungu. Nilijua anatafuta nini. Aliuliza habari za biashara, akauliza habari za ibada, akauliza kama paa linavuja. Mwishowe akasema kwa upole, "Mkwe wangu, nyumba ni nzuri. Ile picha yetu mmeiweka wapi?"

"Baba, kioo kilivunjika," nikasema haraka. "Nimeipeleka kwa fundi."

"Kioo tu?" Uso wake ukachangamka. Mzee Nzunda alikuwa mkulima wa kahawa, lakini mwashi pia. Nusu ya nyumba za kwao aliziinua kwa mkono wake. "Kioo si kazi ya kukusumbua. Twende kwa huyo fundi tukaichukue, nitakata mwenyewe." Akasimama, akachukua kofia yake.

Nilikuwa bado natafuta fundi wa kumtaja pale mlango ulipofunguliwa, na Mama Skola akaingia na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Baba, leo utashangaa!" akasema, hata hajaketi. "Nimekwenda Nakonde, nimewakuta wamishonari wako! Wamejaa meza nzima! Bwana Petro, Mama Rozi, watoto, hata Simba!" Akafungua gazeti, akainua fremu ile ile, Wazungu wale wale, majani yale yale. "Nikanunua moja niweke na mimi. Lakini yule mama anayeuza namuuliza habari zao anasema hamjui Petro wala Rozi. Imekuwaje?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Mzee Nzunda alitazama picha iliyoko mkononi mwa Mama Skola, akatazama iliyoko ukutani, kisha akanitazama mimi. Faines alikuwa ameshaingia chumbani. Akatoka na ile fremu ya bluu, ameishika kwa mikono miwili.

"Baba, picha yenu hii hapa," akasema. "Kioo hakijavunjika."

Kioo kweli kilikuwa kizima. Lakini unyevu ulikuwa umepanda kutoka ukutani na sakafuni. Upande wote wa chini wa picha ulikuwa umevimba na kuchujuka. Miguu ya Mzee Nzunda haikuwepo tena. Kuanzia magotini kushuka chini palikuwa na doa la kahawia na ukungu.

Alikwenda nayo dirishani penye mwanga. Akaiinamia pale, ametugeuzia mgongo. Nikapiga magoti, maana sikujua la kufanya na miguu yangu.

"Baba, nisamehe. Nilizionea aibu zile buti."

Akageuka polepole. "Basi umepata ulichotaka," akasema. "Buti zimeondoka."

Mama Skola alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo kwa kanga. Mzee mwenyewe midomo ilimcheza kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

"Inuka. Sogea hapa," akaniambia. Kidole chake kilikuwa kigumu, kimejaa makovu ya saruji. Akakiweka juu ya kitenge cha mama mkwe, ubavuni. "Hiki ni nini?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeiona picha ile kila siku kwa wiki nyingi, na sikuwahi kuona. Palikuwa na vidole vinne vidogo vimekamata kile kitenge kwa nyuma.

"Ni mkono wa mtoto, Baba."

"Ni mkono wa huyu uliyemwoa. Alimwogopa mpiga picha akajificha. Ile mibuni tuliipanda mwaka aliozaliwa, na siku hiyo ndiyo tulikuwa tunachuma mara ya kwanza. Mpiga picha alituambia twende tukabadili nguo. Mama yenu akakataa. Akasema atupige hivi hivi, watoto waje waone siku yenyewe ilikuwaje." Akaifuta fremu kwa mkono wa shati. "Hatuna nyingine. Tulimpa Faines kwa sababu mimi na mama yake tunaonana kila siku. Yeye ndiye aliyekuwa anaondoka."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu. Mwanamume mzima, mbele ya mkwe wangu na kiongozi wa jumuiya.

Faines alinipa kanga nifute uso. Akasema, "Mimi sikuumia kwa sababu uliitoa. Labda ningekubali tuiweke mahali pengine. Niliumia kwa sababu ulisubiri nitoke."

Mzee Nzunda hakunifokea. Alisubiri nitulie, kisha akasema maneno niliyoyashika hadi leo. "Nyumba ni yenu, na sikuja kukupangia ukuta. Lakini usimtoe mtu ukutani bila kumwambia mwenye mtu wake. Na usimtundike mtu ambaye ukiulizwa jina lake itabidi utunge."

Yakaishia hapo. Aliomba nyundo. Alikaa nasi siku tatu, na siku zote tatu tulishughulika na ukuta ule. Alikata sehemu iliyooza, akaitengeneza fremu upya iwe fupi. Alinionyesha kwamba ukuta wa plasta haupigiliwi kwa hasira. Unaugonga kwanza kwa kifundo cha kidole, unasikiliza palipo pazito, unatoboa tundu taratibu, unachomeka kipande kidogo cha mti mkavu, ndipo msumari unaingia kwenye mti. Nyuma ya fremu, kwenye kona za chini, aligandisha vipande viwili vya ndala iliyokatika ili picha isiguse ukuta na hewa ipite. Kisha akamwita Faines, akamwambia asimame, apime kwa macho yake yeye, siyo yangu. Mimi ni mrefu, na fremu zangu zote nilikuwa nimezitundika kana kwamba nyumba nzima ni warefu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya jumuiya nikaungama. Nilisema Petro hayupo, Rozi hayupo, na mbwa simjui. Walicheka mpaka mzee mmoja akatoka nje kupumua. Nilimwomba radhi Mama Skola kwa maombi yake niliyoyapoteza bure.

"Yamepoteaje?" akasema. "Hao watu si wapo mahali fulani? Mungu anayajua majina yao."

Baadaye tukampeleka mpiga picha Igamba. Kwa desturi zetu mkwe hamsogelei mama mkwe, kwa hiyo nilisimama mbali karibu na vichanja vya kuanikia kahawa, nimevaa suti yangu ya harusi, nikingoja wapigwe wao. Mama mkwe alimnong'oneza Faines, na Faines akaja anacheka.

"Mama anasema nawe uingie kwenye picha, ukae upande wa Baba. Ila viatu hivyo vitaharibika kwenye tope. Amesema upewe buti."

Nikapewa, nikavaa, nikasimama. Picha hiyo ndiyo unayoiona sebuleni kwangu kila ukija, ile ambayo wajukuu huniuliza kwa nini babu amevaa suti na buti za mvua, na mimi huwasimulia yote haya bila kuficha hata mbwa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Najua simu yako ina picha elfu, na kuna siku utaiangusha majini zote ziende. Chagua chache, zisafishwe, ziwekwe ukutani. Usitafute zile ambazo mgeni atasema umeendelea. Tafuta zile ambazo mtoto wako akiuliza huyu ni nani, utapata la kumsimulia mpaka chakula kiive. Waweke wa kwenu na wa kwa mwenzako kwenye ukuta mmoja, asiwepo anayeona kwao kumesukumwa chumbani. Na ukitaka kubadilisha kitu, kiti, pazia, picha, hata kalenda ya mwaka jana, msubiri mwenzako arudi kutoka sokoni, mzungumze. Nyumba nyingi nilizoziona zikitikisika hazikuanza na jambo kubwa. Zilianza na mtu mmoja kuamua peke yake mwenzake akiwa ametoka.

Ukikosea, na utakosea, usiongeze uongo juu ya kosa. Mimi wa kwanza ulinipa sifa kwa mwezi mmoja, wa pili haukudumu hata dakika tano. Sema nimekosa, mapema, wakati mtu aliyekosewa bado anataka kukusikia. Baba mkwe wangu alitaka kunisikia. Si kila mtu hupata bahati hiyo.

Haya, nenda kaimalizie nyumba yako. Mungu awape wewe na mwenzako maneno laini ya kuambiana asubuhi na usingizi wa amani baada ya kazi. Wazazi wa pande zote mbili wakija wapokewe kwa furaha, waondoke wakisema tumeona watoto. Akujalie kizazi chenye heshima, afya ya kukilea, na miaka ya kutosha uwe mzee wa kuwasimulia wengine. Amina.